Karanja, Kumbe Ni Wewe Ulikuwa Unapunguza Pawa

Karanja, rafiki yangu na mlinzi mwenzangu wa geti,

Ni mimi Anko. Tangu tukuzike huko Gitothua, ile redio yetu ya godauni hapa Gatongora imenitesa, na unajua mimi hakuna mashine imewahi kunishinda. Betri inakufa saa sita mchana. Ofisi ya Ruiru wanalalamika nanguruma kama posho mili ikisaga mahindi. Nikasema ni mawingu. Nikasema ni antena.

Unakumbuka jioni nikikuachia zamu? Nilikuwa napandisha pawa mpaka mwisho, napandisha na sauti ya maiki, nakwambia, "Hii kesho itasikika Mombasa!" Asubuhi unanipa redio na kikombe cha chai, unacheka, "Haya Anko, ita Mombasa." Naita, sauti inatoka safi kama ya mtangazaji. Nikajisifu Thika nzima.

Sasa wiki jana magunia yakamwangukia Mutua, yule mpakiaji mrefu. Nikashika maiki nikapiga kelele na pawa yote. Ruiru hawakushika neno hata moja. Mara tatu, Karanja! Mutua analia chini, mguu umepinda. Ndio nikakumbuka vile ulikuwa unafanya wewe: maiki shubiri moja kutoka mdomoni, unaongea kama mtu anasalimia mama mkwe. Nikarudisha pawa chini, nikapunguza maiki nusu, nikaongea polepole. Wakajibu hapo hapo. Gari ikakuja. Mutua ako nyumbani, anatembelea magongo.

Mama Shiku wa redio ya ofisini kule Ruiru akaniambia baadaye, "Anko, Karanja alikuwa anakurudishia chini kila asubuhi kabla ufike. Alitukataza tusikwambie."

Miaka tisa. Na hukuniaibisha hata siku moja. Ai, Karanja.

Kitu kinanichoma ni hiki. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watoto wako nikasema mimi ndiye nilikufundisha redio. Watu wakapiga makofi. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini hayo maneno... wacha tu.

Pumzika, fundi wangu. Jumapili naenda kwako. Nitaketi na mama watoto na vijana wako, niwaambie ni nani alikuwa mwalimu na ni nani alikuwa mwanafunzi. Nimekuahidi, sitaongeza chumvi. Na wakinicheka, wacha wacheke. Wewe ulivumilia miaka tisa bila kunicheka.

Mimi wako,
Anko