Namba ya Kilio

Likasi, 3 Machi

Shemeji Benoît,

Unaamkaje, na watoto? Huku tunapumua, mtoto wangu Tina tu ana mafua. Kompyuta ya marehemu kaka yako Magloire inazimika kila courant, umeme wa bwawa la Mwadingusha, inapoyumba. Programu yake inayopanga zamu za maji ya pompa itakufa nayo, na Dodo, mlinzi wa pompa, hafungulii avenue yoyote maji bila karatasi inayotoa. Fundi anasema mashine mpya haielewi lugha ile ya zamani. Weye unaijua. Ihamishe, usiguse kitu kingine. Silali vizuri.

Shemeji yako, Fidélie

Lubumbashi, 19 Machi

Shemeji Fidélie,

Sisi wazima, pole kwa Tina. Nimeitoa kwenye lugha ya Pascal, sasa iko kwenye Python. Kaka aliandika kama alivyokula bukari, polepole, bila kubakiza. Palikuwa na nafasi moja ya kuandikia namba, aliyoiita KILIO. Ndani ni sifuri daima, nikaiondoa. Nimelinganisha zamu za wiki sita, ya zamani na mpya: hakuna tofauti.

Shemeji yako, Benoît

Likasi, 11 Aprili

Shemeji,

Natumaini mko salama. Tina amepona, miye ndiye situlii. Mama Mbombo wa Avenue ya Sita amefiwa na mume. Watu wamejaa msibani, kwenye kilio, na siku mbili hawakupata tone. Dodo akanijia: "Wakati ya Papa Magloire, kilio ilikuwa inakunywa ya kwanza. Hii mashini yenu haijue kulia?"

Ndipo nikakumbuka. Kila alipotoka kwenye kilio, Magloire aliketi na kofia bado kichwani, akaandika kwenye kompyuta namba moja tu, ya avenue ile. Baada ya siku tatu alifuta. Sikuuliza kamwe.

Alipokufa yeye, nani angeandika tisa, namba ya avenue yetu? Wageni wetu walikunywa maji ya majirani.

Irudishe nafasi ile.

Fidélie

Lubumbashi, 13 Aprili

Shemeji,

Nisamehe. Imerudi. Andika namba ya avenue, siku tatu zikiisha andika sifuri. Kwenye kilio cha kaka ni miye niliyebeba madumu kutoka Avenue ya Saba, nikiilaani pompa yake.

Mdogo wake, Benoît

Likasi, 20 Aprili

Shemeji wangu,

Salamu kwenu wote. Mama Mbombo alipata maji yake. Kisha, bila mtu kufa, niliandika tisa. Dodo alisoma karatasi, akanitazama. "Ni ya Papa Magloire," akasema, "ilichelewa tu." Akafungua.

Siku tatu nimejaza madumu ya Avenue ya Saba, ya wale waliotugawia maji yao kwenye kilio cha Magloire. Leo asubuhi nimeandika sifuri. Kofia yake nimeitundika msumarini. Nimelala mpaka jua likaingia dirishani.

Shemeji yako, Fidélie