Karani Damasi na Neno la Mashariki

Michenga, Jumanne, masika ya 1956

Mvua imeanza alfajiri na bado inanyesha. Viatu vyangu vya shule vimejaa tope, gauni limelowa hadi magotini, na nina furaha mbaya. Najua ni mbaya. Naiandika hivyo hivyo.

Leo nimemwaibisha Karani Damasi mbele ya baraza zima.

Miaka mitatu iliyopita Mzungu mpima ardhi alikuja hapa kumaliza ugomvi wa mpaka kati ya mama yangu na jirani yake. Baba alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa mbali nasomea ualimu. Mpimaji alisimama penye mkuyu, akaandika karatasi kwa Kiingereza, akamwachia jumbe, akaenda zake. Aliyeifasiri ni Damasi, karani wa baraza. Alisema mpaka unaanzia kwenye mkuyu na kwenda mashariki. Mstari huo ulilikata shamba la mama katikati, na kipande cha bondeni, chenye udongo mweusi usiokauka, kikaangukia kwa jirani.

Jirani huyo ni shemeji yake Damasi.

Mama hakubisha. Angekibishia vipi Kiingereza? Alibaki kulima mchanga. Mara mbili alikuja kwangu chuoni Ifakara na kikapu kitupu, akasema amekuja kunisalimia tu.

Mwezi uliopita Damasi aliugua, na jumbe akaniomba nimsomee barua zake. Ndani ya kasha la jumbe nikaikuta ile karatasi. Neno lenyewe lilikuwa orient. Nilirudi shuleni ninakofundisha nikafungua kamusi kubwa. Kweli, ni mashariki, nchi za upande linakotokea jua. Lakini pia ni kuelekeza kitu upande wowote ule, na tena ni mtu kutambua mahali alipo ili asipotee. Mpimaji alikuwa ameandika kwamba mpaka uelekezwe kwenye milima. Milima ya Udzungwa haiko mashariki kwetu. Mtoto wa Michenga anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Ningeweza kumwendea Damasi nyumbani kwake, tukayamaliza wawili. Sikutaka. Nilingoja siku ya baraza.

Leo nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akaitikia marahaba akitabasamu. Kisha nikamwomba jumbe ruhusa, nikampa Damasi karatasi, nikamwomba awasomee watu neno lile na maana yake. Akasema mashariki. Nikamwomba asome sentensi nzima. Alisoma polepole, akarudia. Nikaifungua kamusi, nikawafasiria watu maana zote tatu. Jumbe akauliza milima iko wapi, na wazee wote wakanyoosha mikono upande mmoja.

Jumbe aliamua papo hapo kwamba kipande kirudi kwa mama, pamoja na mpunga uliomo.

Damasi alisimama pale na karatasi mkononi. Nilitaka kumwona mwizi. Akasema, "Mwalimu, mimi nilijua maana moja tu. Tulipopelekwa Burma vitani, Wazungu melini waliita hivyo nchi za kule tulikokwenda. Nikajua ni mashariki basi."

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Mchana alikuja hapa nyumbani. Alivua kofia mvuani, hakuketi mpaka mama alipomtolea kigoda. Aliniomba nisiandike bomani Mahenge. Alisema mguu alioumia vitani haumruhusu kulima, na akitolewa ukarani hana pengine pa kushika. Alimwomba mama radhi. Mama akampa maji ya kunywa, akamwambia yamekwisha.

Nikamwambia barua nimeshaiandika.

Ni kweli, niliiandika juzi. Nimeandika kwamba alimpendelea shemeji yake kwa makusudi. Nilipoandika niliamini hivyo. Sasa sijui naamini nini, ila sijafuta hata mstari mmoja.

Alipoondoka, mama alichukua ungo akachambua mchele. Kisha akasema, "Shamba limerudi, mwanangu. Unatafuta nini tena kwa yule mtu?"

Nilimjibu kwamba nataka naye akae pembeni, watu wengine wakate shauri lake kwa maneno asiyoyaelewa, kisha aambiwe aende nyumbani. Mama akasema hayo yalimpata yeye, hayakunipata mimi. Hilo limenichoma kuliko jambo lolote la leo, maana miaka hii mitatu mimi nilikula chakula cha chuo na kulala pakavu.

Basi hasira hii ni ya nani?

Chakula kilipoiva mama alinipakulia, akaifunika sahani yangu, akaenda kula kwa jirani. Kwa jirani yule yule, shemeji yake Damasi, pamoja na mkewe. Nawasikia hapa nilipo, wanazungumza Kipogoro kwa sauti ya chini kama watu waliofiwa.

Lori la Mahenge linapita kesho asubuhi. Barua nimeibandika stempu, iko mfukoni mwangu.

Naipeleka.