Hatua Mbili Kutoka Mpakani

Neema, mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako hajambo, goti limepoa. Leo ukungu umefunika Lizaboni yote.

Unauliza kwa nini gereji yetu haikufika mpakani mwa kiwanja. Miaka ile serikali ilipofungulia biashara huria, nilinunua pikapu kuukuu, nikachimba msingi wa gereji yake mpakani kabisa, ukingoni mwa mteremko. Chini yake aliishi Mama Sabina, mjane. Siku moja akaniita ndani.

"Kaa hapo kitandani, mwanangu. Tazama dirishani."

Nikatazama. Mtaro wa msingi wangu ulikuwa juu ya kichwa changu, udongo mwekundu umening'inia kama wingu.

"Mimi hulala hapo," alisema taratibu.

Nilitoka kwenye manyunyu, nikapanda mteremko. Kisha nikamwambia fundi, "Fukia. Tunarudi ndani hatua mbili." Aliniona nimechanganyikiwa, maana mawe yalishapangwa.

Mvua zilipokolea, ukingo ule ulimomonyoka. Kwa kuwa haukubeba ukuta, udongo uliishia kwenye migomba ya Mama Sabina, haukuifikia nyumba. Asubuhi nilikimbia kumwangalia, nikamkuta mlangoni anachambua maharage. Akanisogezea kigoda, tukachambua wote mpaka jua likatoka.

Babu yako