Wifi Ameacha Vidonge Akingoja Dawa ya Maabara

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nyumbani sina tena wa kumuuliza, mume wangu alifariki mwaka jana kwa kisukari na sasa naishi na dada yake, wifi yangu, ambaye naye anaumwa ugonjwa huohuo. Mimi ni mhudumu wa wanyama katika maabara, nawalisha panya na kusafisha vizimba, wanapewa chakula chenye mafuta mengi mpaka wananenepa na insulini ya miili yao inakuwa kama mgeni anayebisha hodi asifunguliwe, sukari inabaki kwenye damu, halafu nusu yao wanapewa dawa inayojaribiwa na nusu hawapewi, ili watafiti waone tofauti. Mume wangu alipenda sana habari zao, nikirudi tu ananipokea mkoba huku akiuliza, "Wagonjwa wako wameamkaje?" nami namjibu, "Wanakusalimu, wanasema punguza sukari kwenye chai," naye anakificha kikombe nyuma ya kiti, na mpaka leo nikifungua mlango huwa nasimama kidogo nikisubiri lile swali. Basi juzijuzi wale waliopewa dawa sukari yao ilishuka, nikaingia ndani nikajisahau, nikasema kwa sauti, "Wagonjwa wangu wamepona!" Wifi akatoka jikoni na mwiko mkononi, "Panya wapone, kaka yangu afe? Niletee na mimi hiyo dawa." Nikadhani ni utani, kumbe ameacha vidonge vyake vya kliniki, eti hawezi kuchanganya dawa mbili, na sasa miguu inamwaka moto, kiu haimwishi, na amenuna, anasema ningempenda kaka yake kweli ningekuwa nimeshaleta. Chupa naziona kila siku mshauri, ni kunyoosha mkono tu. Nichukue kidogo?

Mjane wa Vizimbani

Pole sana, dada yangu. Nyumba iliyozoea kuulizwa habari ikinyamaza, inauma.

Lakini chupa hiyo usiiguse! Panya hao walinenepeshwa kwa makusudi, dawa wanapimiwa kwa uzito wao, na itamfanya nini mtu mzima bado hakuna ajuaye. Tena uliposema wamepona, ulimwambia wifi kwamba jaribio likiisha wanauawa ili maini yao yachunguzwe? Hukumwambia. Ulimletea nusu ya habari, basi mmalizie iliyobaki leo hii, hata akinuna mpaka kesho.

Na wewe wifi, najua unasomewa: usiache mbachao kwa msala upitao. Vidonge vyako havina sifa, ila ndivyo vilivyokufikisha hapa.

Dada, kesho asubuhi omba ruhusa kazini umpeleke kliniki. Aseme wazi kwamba aliacha dawa na miguu inawaka, na daktari ndiye amwambie aanze tena vipi. Usibaki kwenye benchi la nje, ingia naye. Mnaojua yule bwana alivyokuwa akicheka mmebaki wawili tu. Wifi naye akiondoka, utamkumbuka mumeo peke yako.