Kahawa ya Mgeni

Jumapili, Nshambya

Kilatini chote bado anacho, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Baba alikisoma seminarini. Kila Jumapili tunajaza pamoja chemshabongo ya jarida la kanisani. Leo nikamsomea: "'Watapenda' kwa Kilatini, herufi saba." Akadakia kabla sijamaliza: "Amabunt. Andika!" Nikapumua, maana juzi alipotea ndani ya migomba yake mwenyewe.

Tulipomaliza akanyanyuka, akaniletea kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni akifika. Alikishika kwa mikono miwili.

"Karibu. Umetokea wapi?"

Mimi nimezaliwa katika nyumba hii.

Nikachukua punje moja, nikamshukuru, nikamwambia nimetokea Muleba.