Akiba Tuliyoifunga kwa Uso wa Mama

Canjulao, Jagna,
Bohol.
21 Oktoba 2024

Mpendwa Dada Perla,

Pokea salamu kutoka jikoni kwangu, maana ndipo ninapoandikia, sufuria ya kalamay, huu utamu wetu wa mchele na nazi, ikiwa motoni na mkono mmoja ukikoroga. Ukiona doa la sukari kwenye karatasi hii, lirambe tu, ni la nyumbani.

U hali gani? Mgongo wako umepata nafuu? Na huyo bibi unayemlea huko Nikosia, bado anakataa kula mpaka umwimbie? Sisi huku tunapumua. Wanangu wana mafua, paa la jikoni linavuja pale pale unapopajua, na jogoo wa jirani Osting anawika saa yoyote aitakayo. Kwa hiyo tu wazima.

Arobaini ya Mama tuliisoma Jumamosi iliyopita. Watu walijaa hadi barabarani. Shangazi Milagring aliongoza sala, akalia, akasahau alipofikia, akaanza upya, hata tukasali rozari moja na nusu. Wote walikuulizia. Niliwajibu kwamba unarudi Desemba, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema jambo jingine mbele za watu.

Sasa Dada, keti. Kama bado hujampa bibi notisi ya kuacha kazi, usimpe. Fedha zako za kurudia nyumbani, zile ulizokuwa ukimtumia mdogo wetu Tikyo akuwekee, zipo, lakini hatuwezi kuzigusa, na sidhani kama tutazigusa kamwe. Nimeona nikuambie kwanza, kisha nieleze, kuliko kukuzungusha. Na nimeandika kwa mkono, ili nimpe Nenita wa Osting anayerudi huko Alhamisi, kwa kuwa kwenye simu ungenitazama na mimi ningeshindwa.

Kazi ya Tikyo unaijua. Anawachorea Wakanada ramani za nyumba kwa mkataba, amekaa hapa na kaptura yake mbele ya feni. Hana likizo, hana pensheni, na mara nyingine hana malipo mpaka wenyewe wamkumbuke. Walipoanza kumlipa kwa sarafu za mtandaoni, kwa sababu benki zilikuwa zinamega kila kilichopita, alishangilia kama mtu aliyeokota pesa. Akasema za chakula atazibadili ziwe peso, na zitakazobaki aziache zikue, ndiyo pensheni yake. Wewe ukaunga zako. Hata mimi nilitia kidogo za kuuza kalamay, nikiona haya kuachwa nyuma.

Shida ilikuwa mahali pa kuziweka. Arnel, rafiki yake anayefanya kazi za mkataba kama yeye, alimsihi aziweke kwenye pochi yake mwenyewe, ile ambayo ufunguo wake ni maneno kumi na mawili: unayaandika, unayaficha, na hakuna kampuni ya kukuzuia. Tikyo alitaka soko la sarafu, ambako kampuni inakutunzia. Arnel alikuja kula hapa, wakabishana mbele ya samaki mpaka samaki akapoa.

"Sokoni unaweka hela mfukoni mwa mtu," Arnel akasema. "Siku akifunga mfuko wake, utamlilia nani?"

"Na wewe ukiyapoteza maneno yako utamlilia nani? Mtakatifu Antoni?"

"Yaandike bwana, uyafiche."

"Niyafiche wapi? Kimbunga kilibeba paa, hati ya shamba, vyeti vya ubatizo, mpaka picha ya harusi ya wazazi. Nyumba hii karatasi haikai, Arnel. Wewe mwenyewe ulituona tukianika Biblia juu ya uzio."

Basi akalichagua soko. Juma zima alilinganisha, ada za hili, ulinzi wa lile, akitusomea kwa sauti kama mhubiri. Mchagua nazi hupata koroma, Dada. Lile alilolipenda lilikuwa na ulinzi wa uso: ukitaka kutoa fedha unaitazama simu, inakuamuru geuka kushoto, geuka kulia, pepesa macho, ndipo inaachia. Mwizi hawezi kuiba uso, akasema, na maji hayawezi kuulowesha.

Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo nikimweleza mgeni atadhani tuna wazimu. Unaukumbuka mkono wa heri wa Mama. Nani mtaani kwetu alifungua duka bila kumwita awe mteja wa kwanza? Nani alipanda migomba bila yeye kushika mche wa kwanza? Na Tikyo, maskini, kila alichokiandikisha kwa jina lake kilikufa. Bajaji iliungua, nguruwe wakamalizwa na homa. Kwa hiyo sote tukakubaliana, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, kwamba akaunti ifunguliwe kwa jina la Mama na kwa uso wa Mama. Tikyo akatamba, "Karatasi italowa, Mama hatalowa!" Tulicheka sana siku ile.

Laiti ungemwona. Kila Tikyo alipotaka kutoa fedha, Mama alimzuia kwanza, akachana nywele, akajipaka poda, akavaa ile blauzi yenye maua uliyomletea. Aliamini kuna mtu ndani anayemtazama. "Umeniangalia vya kutosha, sasa toa hela," alikuwa akimwambia. Siku moja akamuuliza Tikyo kwa sauti ya chini, "Huyo kijana wa humo ndani ameoa? Mwambie nina binti Nikosia, mpishi hodari." Nilitaka kukusimulia utakaporudi, niuone uso wako ukicheka.

Mwezi wa Agosti kiharusi kikamwangusha pale pale kwenye sufuria ya kalamay. Hilo tulikuambia. Ambalo hatukukuambia ni kwamba hospitali ilipotaka fedha, Tikyo alikimbia na simu kitandani kwake. Upande wa kushoto wa uso wa Mama ulikuwa umelegea wote. Simu ikaandika kwamba uso haufanani. Tikyo akapitisha kidole nyuma ya sikio la Mama, akalivuta shavu juu, mimi nikampaka poda, na Mama akajitahidi, Dada, alijitahidi mno kugeuka na kupepesa. Jicho moja lilipepesa. Ikakataa tena. Mama akasema kwa ule mdomo wa upande mmoja, "Kijana amenisahau."

Nilitoka nje nikalia ukutani kama mtoto. Gharama za hospitali tulizilipa kwa kumuuza nyati wetu wa kulimia.

Usidhani Tikyo alikuwa na tamaa. Wakati wa mkesha, jeneza likiwa sebuleni na kioo chake, nilimwona amesimama kichwani kwa Mama, mkono ukiwa mfukoni. Shangazi Milagring alimwona pia.

"Tikyo! Ukiitoa hiyo simu nakuvunja mkono, na huyu dada yangu ataamka anisaidie!"

"Shangazi, nauli ya Dada Perla imo humu."

"Na iwemo! Ataamuriwa apepese macho, atapepesa vipi?"

Tikyo alikaa sakafuni, akalia mbele ya wageni wote, na Shangazi naye akakaa hapo hapo akamshika kichwa. Tulimpa kahawa. Hakuna aliyemcheka, hata Osting.

Baada ya siku tisa za sala ikawa zamu yangu. Tangu utoto watu wananiambia kwamba nafanana na Mama kana kwamba alinitoa mdomoni. Muuza samaki alikuwa ananiita kwa jina lake. Tikyo akaniomba, nikakubali. Nilivaa blauzi ile yenye maua, ingali na harufu yake, nikabana nywele kama yeye, nikajipaka poda yake, Tikyo akaniinulia simu. Nikageuka kushoto. Nikageuka kulia. Nikapepesa. Simu ikasema mimi si yeye, ikasema hivyo mara tatu, kisha ikajifunga. Niliivua blauzi nikaikunja, sijaivaa tena.

Tikyo hakuwa na la kufanya ila kusema kweli. Aliwaandikia wenye soko kwamba mwenye jina amefariki, na kwamba fedha ni zake yeye Tikyo na za dada zake, Mama aliwapa uso tu. Walijibu kwa adabu sana, wakatupa pole. Wakasema wanahitaji amri ya mahakama ya nchi yao. Wakasema pia kwamba, kwa vile sisi wenyewe tumekiri akaunti ilitumiwa na asiye mwenyewe, tumevunja masharti, na wamezuia mtu yeyote kutoa fedha. Tulikwenda Tagbilaran kwa mwanasheria, akaisoma barua ya Tikyo, akavua miwani.

"Ni nani aliyekushauri uandike hivi?"

"Ni kweli yenyewe, Wakili."

"Ndiyo. Ungemwachia marehemu zikabaki zake, mngekuwa mnarithi. Sasa umewaambia hazikuwa zake, na wao wanajua hazikuwa zako."

Ada aliyoitaja ya kuanzia tu ingetulazimu kuuza nyumba, naye hakuahidi chochote. Tulirudi nyumbani kwa basi.

Kinachoniumiza ni kwamba kuona bado kunaruhusiwa, kuchukua ndiyo hapana. Kila asubuhi kabla ya kazi Tikyo anaifungua akaunti, na kila asubuhi bei imepanda. Mtaani vijana wanapongezana, na zetu zinanenepa kama nguruwe wa mtu mwingine. Nimemwambia aache kutazama, ananijibu kwamba anatazama mara moja tu. Amekonda. Wakanada wamempunguzia kazi, kwa kuwa ni wa mkataba na hawalazimiki kumweleza sababu. Arnel huja Jumapili na samaki, anakula, anaondoka, wala hajasema hata siku moja kwamba alituonya. Ningependa aseme, nimgombeze, nipumue.

Kile kiwanja cha barabarani, tulichokuwa tukikiwekea akiba ili utakaporudi tufungue mgahawa wetu, kimeuzwa kwa watu wengine. Nilipita jana wanajenga ukuta. Ule mti wa kivuli uliotaka tusiukate wameukata.

Kwa hiyo Dada, narudi pale nilipoanzia. Kama notisi bado iko nawe, ichane. Kama umekwisha kumpa bibi, nenda kamwambie umebadili nia, na akinuna mwimbie. Miaka yote hii nimekuwa nikikuambia vumilia kidogo, na sasa nakuambia vumilia bila ile "kidogo," kwa sababu sitaki tena kukudanganya. Usitume fedha mwezi huu. Jinunulie viatu, wewe hukawii kusahau kwamba una miguu. Kitanda chako nilikuwa nimekwisha kukitandika kwa shuka mpya za bluu. Jana nilizitoa nikazirudisha kabatini, na wanangu wamerudi kulala hapo.

Tikyo hajui niandike nini kwa niaba yake. Alisimama mlangoni sasa hivi, nikamuuliza, akasema, "Mwambie tu nimemkosea." Mkasirikie ukitaka, una haki, lakini usimkasirikie muda mrefu, maana hatuna mwingine.

Nisalimie rafiki zako wa Jumapili kanisani, hasa Luzviminda, na huyo bibi pia, Mungu ampe umri mrefu, kwa maana sasa tunauhitaji umri wake. Shangazi Milagring anakusalimu na kukuombea. Osting, Arnel na watoto wanakusalimu. Nenita atakupa kalamay, ganda zima la nazi lenye utepe mwekundu. Haina utamu wa Mama, mkono wangu ni mzito, utanisamehe.

Mungu aliyekufikisha huko akulinde huko huko, mpaka atakapoona mwenyewe njia ambayo sisi hatuioni.

Mdogo wako akupendaye, ambaye uso wake haukutosha,

Salvacion