Pipa la Mama Bukuru

Mwanga, Kigoma

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Furaha,

Shikamoo, Yaya. Mgongo unaendeleaje, na wale kuku bado wapo? Sisi huku tu wazima, ugali upo na dagaa wapo. Diyedone wangu amekuwa wa kwanza darasani tena. Mwalimu anasema hajaona kichwa kama kile, nami nikamwambia ni cha upande wetu.

Umeniuliza kuhusu huyo bwana aliyekalia shamba langu huko nyumbani ng'ambo ya ziwa tangu vita inikimbize: maadam upande wake umeshindwa vita, tumnyang'anye jembe na ng'ombe viwe fidia? Subiri kwanza, sikia yaliyonipata.

Mbuzi wa jirani yangu, Mama Bukuru, alikula maandazi yangu yote ya kuuza mezani, akamalizia na kitambaa. Nikamshtaki kwa balozi wa nyumba kumi, nikashinda, na unanijua nikishinda. Akaamriwa anilipe kwa mawese. Nikasema asije akanikwepa, nachukua na pipa lake la kuchemshia chikichi. Nikaliviringisha mwenyewe hadi mlangoni kwangu, jioni nalikalia watu waone.

Mawese hayakuja. Nikaenda kumfokea, nikamkuta uani, chikichi zinaoza. Akaniuliza taratibu, "Nichemshie kwenye kiganja, mama?" Na mawese ninayokaangia ni yake siku zote. Maandazi yakasimama, tukawa tunakula uji.

Diyedone kuona uji tena, akanieleza habari za Wajerumani. Waliposhindwa ile vita kuu ya kwanza, washindi waliwadai fidia kubwa, huku wanawachukulia makaa ya mawe na mabehewa. Viwanda vikalala, na fidia ikalala navyo. Akasema, "Mama, umekalia kiwanda."

Nikainuka pale juu ya pipa, Yaya.

Nikaliviringisha pipa kulirudisha, na kurudi ni mlima. Kesho yake moshi ukafuka, chupa ya kwanza ikaja ingali ya moto. Sasa nakaanga, na andazi la kwanza anaonja Mama Bukuru. Mbuzi tumemwita Mjerumani. Jana alikuja kukagua meza.

Kwa hiyo mwachie huyo bwana jembe lake na ng'ombe wake. Alime. Siku nitakayoshuka kwenye boti nikute mihogo, nisikute pori. Hapo ndipo nitamdai, na unanijua.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo muuza sabuni, na kaka yetu fundi nyavu.

Ni mimi mdogo wako,
Mama wa yule wa kwanza darasani